Vigae vya Mchana

Minza Luhende aliingia maabara bila kubisha hodi, kama ilivyo haki ya watani, akachukua kikombe changu cha chai mezani, akapiga funda moja, akakunja uso.

"Chai gani hii? Nyie Wazaramo hata maji yanawashinda kuchemsha, halafu mnapewa kazi ya kupima kiwango cha kuchemka! Nchi hii imekwisha."

Nikacheka. Ilinibidi nicheke. Sheria ya Mtani haina mchezo: kitu chochote kitakachovaliwa mwilini hakitoki maabara mpaka mtani wa aliyekitengeneza akipime kwa mkono wake mwenyewe, huku akimkejeli mwenye nacho apendavyo. Rafiki atakusifia, adui atakuharibia, lakini mtani atakupa ukweli usoni na kicheko juu yake. Ndivyo walivyofikiri waliotunga sheria, baada ya yale majanga ya nguo za umeme. Na kifungu cha mwisho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi mimi: mtengenezaji akinuna, maombi yake yanarudi nyuma kabisa ya foleni. Mimi, Semeni binti Kondo, niliyezaliwa na hasira mdomoni kabla ya meno, nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutonuna mbele ya kioo.

"Karibu, mtani," nikamwambia. "Michembe umekuja nayo, au viazi vyote vimeishia njiani?"

"Nimeimaliza. Ningekuletea wewe ungesikia ngoma ukaiacha motoni."

Wasukuma wana kisa kimoja tu juu yetu, na wamekisimulia tangu enzi za mababu: kwamba Mzaramo akisikia mdundiko unapita barabarani, anaacha chungu jikoni na mtoto sakafuni, anaifuata ngoma mpaka mtaa wa tatu. Ni uongo mtupu. Mtoto tunambeba.

Nje king'ora cha saa nne kikalia. Dirishani nikamwona muuza madafu akikokota baiskeli yake mbio kuingia kwenye ukumbi wa soko, na mapazia ya bati yakateremshwa mtaa mzima, kra-kra-kra. Kuanzia saa hiyo mpaka saa kumi alasiri, barabara za Kisarawe ni mali ya mijusi. Jua la siku hizi humwangusha mtu mzima kabla hajavuka barabara. Binti yangu Zaituni amekua, amesoma, amepata mchumba, na hajawahi kukanyaga lami adhuhuri. Aliniuliza siku moja kama ni kweli kivuli cha mtu huwa kinafupika. Nilimjibu ndiyo, nikaenda jikoni kujifanya nina kazi.

"Haya, kipo wapi hicho kizizi?" Minza akauliza, akivaa miwani ya kazi.

Nikamwonyesha. Kizizi ni kimiminika tunachokitengeneza kutokana na maganda ya korosho, cheupe kama maji, chepesi kuliko maji. Ukutani vilining'inia vizibao vyenyewe, safu kwa safu, kila kimoja kimeshonewa mirija myembamba kama tambi, na ndani ya mirija kizizi kimejazwa na kufungwa. Kazi yake ni moja. Ngozi ya mvaaji ikifika nyuzi thelathini na tano, kizizi kinachemka, kinanyang'anya mwili joto lake, kinapanda kikiwa mvuke hadi kwenye ukosi, kinapoa pale, kinateremka tena kikiwa kimiminika. Kikichemka chini ya hapo, mvaaji atatetemeka kwa baridi. Kikichemka juu ya hapo, hakina maana. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea nambari moja.

Kila kitu, nasema, maana Jumamosi Zaituni alikuwa anaolewa. Halmashauri ilikuwa imetuahidi kibali cha mchana, cha kwanza tangu jua libadilike: mdundiko barabarani, saa sita kamili, watu wote ndani ya vizibao. Sharti lao lilikuwa muhuri wa mtani ufike kabla ya sala ya Ijumaa. Ukichelewa, joto la kaskazi linaingia na hakuna kibali tena mpaka masika. Na mama yangu, Bi. Tabu, aliyekuwa malkia wa mdundiko wa mchana enzi zake, nyonga zake zilikuwa zimekwisha na daktari alikuwa ameacha kuongelea masika.

Minza akapanga vyombo. Beseni la maji juu ya jiko dogo la umeme, chupa ya kioo ya mviringo yenye kizizi ndani ya maji, kipimajoto kimoja ndani ya kimiminika na kingine shingoni pa chupa, na mrija wa kupoozea juu. Mdomo wa Minza haulali, lakini akianza kupima anakuwa mtu mwingine kabisa. Alikunja mikono kifuani akasimama kama nguzo ya umeme. Na mimi, kwa heshima ya kazi, nikasimama mbali kwenye kona.

Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Nikaanza kutabasamu.

Thelathini na tano. Kizizi kimetulia tuli.

Thelathini na sita. Thelathini na nane. Hakuna hata povu moja. Arobaini, bado kimelala kama maji ya mtungini.

Kwenye arobaini na moja chupa ikaguna, na kizizi chote kikaruka kwa mkupuo mmoja, puu! Kikapanda mrija, kikang'oa kizibo, kikapiga dari, kikatunyeshea sote wawili.

Minza akajipangusa paji la uso taratibu.

"Mtani," akasema, "chungu chako kimesikia ngoma."

* * *

Sikununa. Mungu ni shahidi yangu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, nikamwambia arudie. Akarudia, na mara hii kikaruka kwenye arobaini.

"Nipishe," nikasema.

Nikasafisha chupa, nikajaza upya, nikavuta kiti mezani kama ninavyofanya siku zote. Thelathini na nne, thelathini na tano, na hapo hapo povu likaanza, dogo dogo, safi, chichichichi, na kipimajoto kikasimama pale pale kisisogee hata kwa unywele. Hivyo ndivyo kinavyochemka kitu kisicho na uchafu: moto ongeza utakavyo, nyuzi hazipandi mpaka kimiminika chote kiishe kuwa mvuke.

"Unaona?" nikasema. "Mkono wako tu una nuksi."

Minza hakuwa akiangalia chupa wala kipimajoto. Alikuwa akinitazama mimi, na midomo yake ilikuwa inacheza cheza, kama mtu aliyeuficha mfupa wa kuku asitake wengine wauone.

"Rudia," akasema. "Lakini safari hii ikalie mikono yako."

"Niikalie?"

"Kalia. Yote miwili. Na miguu ibaki juu ya kiti."

Nikakaa hivyo, kama mtoto aliyeadhibiwa. Thelathini na tano, kimya. Thelathini na saba, kimya. Thelathini na tisa, puu! Dari tena.

Ndipo Minza akaangua kicheko, akashika ukuta, akashika tumbo, machozi yakamtoka. "Vidole vyako, mtani! Tangu ukae hapo vidole vyako vinapiga mdundiko mezani! Na kisigino kinaitikia! Hujijui?"

Sikujijua. Nilivitazama vidole vyangu kama vidole vya mtu mwingine. Vipimo vyote nilivyochukua tangu siku ya kwanza, vile nilivyojivunia mpaka nikavibandika ukutani, nilivichukua nikiwa mezani nasubiri, na mimi siwezi kusubiri kitu bila kupiga ngoma.

Nikaelewa yote kwa mpigo. Kimiminika hakichemki kwa sababu tu kimefika nyuzi zake. Povu la kwanza linahitaji mahali pa kuzaliwa: kitundu, mkwaruzo, kihewa kidogo kilichojibana. Katika kioo laini kisichotikisika hakuna pa kuzaliwa. Kimiminika kinapita kiwango chake, kinapanda, kinavumilia, halafu kinalipuka. Ukikitikisa, kinazindukana na kuchemka kistaarabu. Na mirija ya vizibao vyangu nilikuwa nimeichagua mwenyewe, nikaisifu mwenyewe, kwa ajili ya ulaini wake.

"Anayecheza atapoa," nikasema polepole. "Anayetembea atapoa."

"Na aliyekaa?" Minza akauliza. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Sote wawili tulikuwa tunakijua kiti cha magurudumu cha mama yangu.

* * *

Zaituni alitukuta tumeinamisha vichwa, akiwa na hotpoti ya wali na samaki aliyoileta kupitia ukumbi wa soko. Alitua chakula, akatutazama, akatazama dari.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Nikamweleza. Nilipomaliza akavuta pumzi, akacheka, kicheko cha mtu anayeona wazee wanasumbuliwa na jambo dogo.

"Sasa tatizo liko wapi, mama? Jumamosi ni mdundiko. Nani atakaa kimya kwenye mdundiko? Bibi tutamtikisa kiti!"

"Njia nzima?"

"Njia nzima! Bibi mwenyewe atafurahi."

Nikamgeukia Minza. Nilitaka anisaidie, na nilitaka aninyamazie, vyote kwa pamoja. Yeye alikuwa ameshatoa muhuri wake mfukoni, anauzungusha vidoleni.

"Sheria inaniambia niandike nambari niliyoipata," akasema. "Lakini namna ya kupima anachagua mtengenezaji. Ukiniambia kizibao hiki ni cha wachezaji, nipime huku unapiga meza, nitaandika thelathini na tano na sitakuwa nimesema uongo. Ukiniambia nipime mikono ikiwa imekaliwa, nitaandika arobaini na moja, ile ya juu kuliko zote, na hapo pia sijasema uongo. Chagua, mtani. Mimi sina utani hapa."

Kusema kweli, nilitaka thelathini na tano. Niliitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Nilimwona mwanangu amevaa kanga mpya katikati ya barabara nyeupe kwa jua, nikamwona mama yangu ameinua shingo mbele ya msafara. Siku moja tu. Dhambi gani hiyo?

Lakini muhuri haupigwi kwa ajili ya siku moja. Muhuri ukishapigwa, vizibao vinaingia madukani. Vitavaliwa na mlinzi aliyesinzia getini. Vitavaliwa na mama aliyekaa kituoni na mtoto amelala mgongoni, mtoto naye kavalishwa chake kidogo. Wote hao watatulia tuli, wakiamini wamepoa, mpaka mirija iwapasukie kifuani. Nani atapita nchi nzima kuwatikisa?

"Andika ya mikono iliyokaliwa," nikasema.

"Mama!"

"Arobaini na moja, Minza. Andika kabla sijabadilisha mawazo, maana nabadilisha."

Minza akaandika. Zaituni alisimama pale, kifuniko cha hotpoti mkononi, hakulia wala hakugomba, na hilo liliniumiza kuliko angenitukana. Aliweka kifuniko mezani kwa adabu, akasema, "Chakula kitapoa," akatoka. Mimi ndiye niliyelia. Nililia waziwazi, mbele ya mtani, na mtani akanipa leso yake na kuniambia ninalia vibaya, Wasukuma wanalia kwa mpangilio zaidi.

Minza hakuwa na pa kwenda, jua lilikuwa limeshika barabara. Tukala wali. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo liliniudhi. Nilikuwa nimeinama natafuta mwiba wa samaki ulioanguka niliposikia ile sauti: chichichichi. Taratibu, kwa raha zake.

Chini ya meza, karibu na ukuta wa nje, sakafu ya saruji ilikuwa na ufa. Kizizi kilichodondoka kutoka darini kilikuwa kimejikusanya ndani ya ule ufa, sakafu ina uvuguvugu wa jua la ukutani, na kilikuwa kinachemka. Hakuna aliyekuwa anapiga meza. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika sahani.

"Minza," nikasema. "Kigae."

"Kigae gani?"

"Kigae! Kipande cha chungu! Kidato cha kwanza, mwalimu wa kemia, kitu cha kwanza kabisa: kabla hujachemsha, tia kigae! Udongo uliochomwa umejaa vitundu, kila kitundu kina kihewa chake, povu linazaliwa humo bila kutikiswa na mtu! Mimi niliacha kutia kwa sababu kizizi changu kilikuwa kinachemka chenyewe!"

"Hakikuwa kinachemka chenyewe," Minza akasema. "Kilikuwa kinachezeshwa ngoma."

Tukapekua makabati yote. Tulikuta vikombe vya kaure, laini kama kioo. Tukakwangua vigae vya ukutani bafuni, na vyenyewe vimepakwa rangi inayong'aa. Matofali ya siku hizi ni ya mchanga na gundi, ukiyatia kwenye kizizi yanayeyuka kama sukari. Tulihitaji udongo mtupu, mwekundu, uliochomwa ukaiva. Na nani, katika zama hizi za sufuria zinazojiosha, bado ana chungu?

Nilijua ni nani. Nikajikuta nimenuna, lakini Minza alijifanya hakuona.

* * *

Chungu cha mama yangu kilikaa juu ya stuli yake pekee, na kitambaa cha kufuma. Alipewa na mama yake siku aliyoolewa. Kilikuwa kimepika samaki wa nazi wa harusi mbili, hitma nne na ugomvi usiohesabika, na Jumamosi kilikuwa kiwe cha Zaituni. Mimi mwanawe wa kumzaa sikuruhusiwa hata kukipangusa vumbi.

Kiukumbi cha mtaa, ile njia iliyoezekwa, kinatoka maabara hadi mlangoni kwake bila kukanyaga jua, kwa hiyo tulifika na jasho la haraka tu. Bi. Tabu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, anajipaka hina, anapiga mluzi. Zaituni alikuwa kakaa chini pembeni yake, macho mekundu.

"Mama," nikaanza, "tuna shida ya kigae—"

"Hapana," mama akasema.

"Hata sijamaliza!"

"Umekitazama chungu changu ulipoingia. Hapana."

Nikamsihi, nikamweleza vitundu na vihewa na mapovu. Akanisikiliza kwa utulivu mkubwa, akapuliza hina yake ikauke, akasema hapana mara ya tatu. Nikafungua mdomo nigombe, na Minza akanisogeza kwa nyonga kama mtu anayesogeza kabati. Akasimama mbele ya mama yangu, akaweka mikono kiunoni.

"Bi. Tabu. Mimi ni binti Luhende, Msukuma wa Magu, mtani wako wa halali tangu misafara ya mababu. Sikuombi. Nakinyakua chungu chako kwa utani."

Mtu anaweza kumnyima mwanawe, anaweza kuinyima serikali, lakini mtani akidai kwa utani hanyimwi. Mama alijua hivyo. Uso wake ulipita kwenye hasira, ukapita kwenye huzuni, halafu, masalale, ukatua kwenye kicheko, kile kicheko chake cha zamani cha kutingisha mabega.

"Mwizi! Mla michembe! Umekuja kuniibia mchana kweupe, na mchana wenyewe haujarudi!" Akapangusa machozi, sijui ya kucheka au ya nini. "Kichukue. Lakini na mimi nina haki yangu, nami nadai. Hicho kisa chenu cha Mzaramo na chungu na mdundiko, mnakisimulia mpaka lini? Jumamosi ngoma ikilia, wewe usicheze. Hata hatua moja. Usipocheza, endeleeni nacho milele. Ukicheza, ni chetu, na tutawasimulia ninyi."

"Mimi? Nicheze mdundiko?" Minza akajigonga kifua. "Bibi, umeshakipoteza chungu na kisa pia."

Zaituni ndiye aliyekibeba. Alikishika kama mtoto mchanga, akamtazama bibi yake, na Bi. Tabu akasema, "Mimi ndiye nitakayekivunja, mniletee mchi." Akakipiga mara moja tu. Tulipotaka kuokota vipande akatuzuia kidogo, akachukua kimoja, akakinusa, akatabasamu, akakirudisha kwenye rundo.

Mafuta ya miaka yote yalikuwa yameziba vile vitundu, kwa hiyo tulivichoma vigae upya kwenye tanuri la maabara. Jamani! Maabara nzima ilinukia samaki wa nazi. Watu walikuja kutoka vyumba vya jirani kuuliza nani anapika. Tukawapa nyundo. Waliokuja kuuliza chakula waliishia kuvunja vigae viwe vidogo kama punje za mchele, upande wa bwana harusi wakaja wanne na mikasi, Zaituni akasimamia kazi kama nyapara: fungua ukosi, tia vigae, funga, kingine! Hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Alipita nyuma yangu akanipiga kibao kidogo cha mgongo, nikajua mambo yamekwisha.

Ijumaa asubuhi Minza akapima tena. Nilikalia mikono bila kuambiwa. Thelathini na tano, chichichichi, na kipimajoto kikasimama. Akaongeza moto, kikasimama pale pale. Akapiga nusu ya muhuri, ikawahi halmashauri kabla ya sala, na kwa kibali ikatosha.

"Nusu nyingine," akasema, "naipiga juani. Mvaaji ametulia, barabarani, mbele ya watu. Kikikataa, wote mnarudi ndani."

* * *

Jumamosi, saa sita kamili, malango ya ukumbi wa soko yakafunguliwa na jua likatupiga usoni.

Sijui niseme nini kuhusu weupe ule. Watoto walifumba macho wakapiga kelele. Hewa juu ya lami ilikuwa inacheza. Gari la wagonjwa la halmashauri lilikuwa limeegeshwa kivulini, tayari, na madaktari wawili wanatutazama kama vichaa. Halafu ngoma ikalia, mdundiko wenyewe, mzito, wa kutembea nao, na sote tukatoka, tukapiga hatua za kwanza, na vizibao vikaanza kunong'ona vifuani, mamia ya chichichi chini ya ngoma, na baridi ikatambaa mbavuni. Nikapiga kigelegele mpaka sauti ikakatika.

Bi. Tabu alikuwa mbele, kiti chake kinasukumwa na bwana harusi, shingo imeinuka. Kandoni mwake Minza alitembea kikakamavu, kisanduku cha vyombo kwapani, macho mbele, anahesabu hatua zake kama askari. Nilimwona akiuma meno.

Tulipofika katikati ya barabara kuu, pasipo hata kivuli cha nguzo, Minza akainua mkono.

"Ngoma isimame!"

Sijawahi kuona Wazaramo wakisimamisha mdundiko katikati. Nadhani hakuna aliyewahi kuona. Lakini ngoma ilikoma, na umati wote ukasimama, kimya, jua limetua utosini mwetu. Minza akaweka kipimajoto juu ya kizibao cha mama yangu, ambacho kilikuwa bado hakijanong'ona.

"Bibi, tulia."

Mama akatulia. Hakusogeza kidole. Thelathini na tatu, Minza akasoma. Thelathini na nne. Uso wa mama ulianza kumeta jasho, daktari mmoja akapiga hatua kuja mbele, na mimi mikono yangu ilitaka kukitikisa kile kiti, ilitaka mno, nikaificha kwapani. Thelathini na tano.

Kimya.

Halafu kutoka kifuani kwa mama yangu ikaja: chi. Chichi. Chichichichi. Hakuna aliyemtikisa. Alikuwa amekaa tu, mwanamke mzima juani saa sita mchana, na chungu chake kinachemka.

"Thelathini na tano," Minza akasoma. Akasubiri. "Thelathini na tano." Akasubiri tena, mtu mgumu yule. "Thelathini na tano, na haipandi!" Akapiga muhuri, pa!

Zaituni hakuwa akimtazama Minza. Alikuwa ameinama anatazama miguu yake, anageuka huku na huku, kanga imemviringika.

"Mama," akaniita, "kivuli changu kiko wapi?"

"Umekikanyaga," nikamwambia. "Kiko chini yako, mwanangu." Akainua mguu mmoja, akakiona, akakirukia, akaanza kucheka kama mtoto wa chekechea, na wapiga ngoma hawakungoja kuambiwa.

Nasema kweli sikumwona alipoanza. Nilipogeuka, Minza Luhende, Msukuma wa Magu, alikuwa tayari yuko mbele ya bibi harusi, mabega yanafanya kazi, kiuno kinafanya kazi, macho ameyafumba, anaufuata mdundiko ulioteremka kona ya kwanza, kona ya pili, anaelekea mtaa wa tatu. Kisanduku chake, vipimajoto, mpaka muhuri wa serikali, vyote alikuwa amevitua kwenye mapaja ya Bi. Tabu akavisahau.

Mama yangu alikikumbatia kisanduku, akavuta pumzi iliyojaa jua, akapaza sauti ambayo mtaa mzima haukuwa umeisikia tangu mchana utuache:

"Mtani! Rudi! Chungu chako kinaungua!"